Kura ya Masasi na Miungano ya Vyama

Tarehe 15 Oktoba, 2015, zikiwa zimebaki siku 10 kufikia Uchaguzi Mkuu, Dkt. Emmanuel Makaidi, Mwenyekiti wa NLD, alifariki dunia katika hospitali ya Nyangao, mkoani Lindi. Alikuwa akigombea ubunge wa Masasi kwa niaba ya UKAWA. Kwa mujibu wa sheria kura ya ubunge katika jimbo hilo iliahirishwa, na ndugu zetu wa Lisekese na Masasi nzima wakangoja hadi Desemba ndipo wakampata mbunge, naye akawa wa chama chetu. Marehemu alikuwa mpinzani wetu wa miaka mingi, wala hatukusudii kumsema vibaya. Twamkumbuka kwa sababu uchaguzi ule wa kusini una jambo ambalo wanachama wetu wengi hawajalipima sawasawa.

UKAWA ulizaliwa mwaka 2014 ndani ya Bunge Maalum la Katiba. CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD walikuwa na jambo moja la kusimamia, nalo ni rasimu ya Tume ya Jaji Warioba. Kwa jambo hilo umoja wao ulikuwa na maana, na sisi tuliowapinga hatuoni haya kukiri hivyo. Lakini mwaka uliofuata mazungumzo yakageuka kuwa ya majimbo: nani asimame wapi, nani ampishe nani. Mwaka 2016 CUF ikapasuka. Mwaka 2019 Maalim Seif Sharif Hamad akahamia ACT-Wazalendo pamoja na wafuasi wake. Na ulipofika uchaguzi wa 2020 UKAWA lilikuwa jina tu.

Hesabu ya namna hii haikuwadanganya watu wa kwetu peke yao. Huko Italia, ambako kila mkoa huchagua serikali yake, vyama huungana kabla ya kura ili mmoja wao apate uongozi wa mkoa. Februari 2024, katika kisiwa cha Sardinia, Bi Alessandra Todde alimshinda mgombea wa upande wa Waziri Mkuu Giorgia Meloni kwa tofauti ndogo mno, akiungwa mkono na vyama viwili vikubwa vya upinzani. Wapinzani wakafurahi, wakakusanya vyama vingi zaidi kwa ajili ya mkoa wa Abruzzo. Mwezi wa Machi wakashindwa.

Basi wapo miongoni mwetu wanaoucheka UKAWA. Wasicheke upesi. Katika mkoa wa Mtwara mwaka ule wa 2015 tulipoteza majimbo matatu: Ndanda kwa CHADEMA, Tandahimba na Mtwara Mjini kwa CUF. Je, ni ufundi wa kugawana majimbo uliotushinda? Sisi hatuamini hivyo. Mwaka 2013 damu ilimwagika Mtwara kwa ajili ya bomba la gesi, na baadhi ya viongozi wetu walijibu kwa ukali pale walipotakiwa kueleza. Mkulima naye alikuwa na yake moyoni, ya stakabadhi ghalani na ya malipo ya pili yanayosubiriwa hadi mashamba yanaota majani. Mtu aliyekasirika hahitaji muungano wa vyama vinne; chamtosha chochote kilichosimama mbele yake.

Tena mwaka 2020 mbunge wa Ndanda, Ndugu Cecil Mwambe, alitoka CHADEMA akajiunga nasi, akashinda kwa tiketi yetu. Tulimpokea kwa shangwe. Lakini waliompa kura mwaka 2015 walimpa wakijua wanatupinga, na katika shangwe zile hatukumsikia mtu akiuliza ni lipi tumewarekebishia.

Muungano tunaouona wa kweli katika miaka hiyo haukutiwa saini na mtu yeyote. Juni 2018 Serikali ilileta Bungeni mabadiliko ya kuchukua ushuru wote wa kusafirisha korosho nje uingie Mfuko Mkuu, hali awali asilimia 65 ilirudi kuendeleza zao lenyewe. Wabunge wa kusini, wa chama chetu na wa CUF, wakasimama upande mmoja. Hawakugawana majimbo wala vyeo. Walikuwa na ushuru wa korosho tu mikononi, na nyuma yao wakulima wa Masasi, Newala na Tandahimba waliojua dawa ya salfa inanunuliwa kwa fedha gani. Walishindwa kwa kura, na wale wa kwetu waliambiwa wamekisaliti chama.

Sisi twasema hawakukisaliti. Katika matawi ya Masasi na Newala hatujasikia mwanachama aliyerudisha kadi kwa kuchukizwa na msimamo wao. Waliorudisha kadi walikuwa na sababu nyingine, na makatibu wetu wa matawi wanazijua, kama wataulizwa.