Gereza bila ukuta: Je, lingemfaa kijana wa Tseikuru?

Fikiria kijana wa Tseikuru, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui. Mvua imekataa, ndengu zimekauka shambani, kwa hivyo anachoma makaa, biashara ambayo kaunti iliipiga marufuku 2018. Ananaswa na kupigwa faini. Nyumbani hakuna hata mbuzi wa kuuza. Anaingia jela.

Usiku huo huenda akalala seli moja na watu waliozoea wizi wa mabavu. Akitoka baada ya miezi sita, atarudi kijijini na ujuzi gani?

Hapo ndipo wazo la gereza la wazi linapoingia. Hili ni gereza lisilo na ukuta mrefu wala askari kila kona. Mfungwa asiye hatari analima, anajifunza ufundi au anatoka kwenda kibaruani, kisha jioni anarudi. Kinachomzuia kutoroka ni nidhamu yake mwenyewe. Kule Sanganer, India, tangu 1963 wafungwa wamekuwa wakiishi na familia zao na kujitafutia riziki nje. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, zilizopitishwa 2015, nazo zinasema magereza ya aina hii ndiyo yenye mazingira bora ya kurekebisha wafungwa waliochaguliwa kwa makini.

Lakini tusidanganyane, wazo zuri linaweza kuharibika haraka.

Kwanza, nani atachagua? Bila vigezo vilivyo wazi, nafasi hizo zitaenda kwa wenye pesa na wenye watu wakubwa, si kwa wenye tabia njema.

Pili, malipo. Kwa miongo mingi, mfungwa wa Kenya amekuwa akilipwa hadi senti 20 kwa siku. Hiyo hainunui hata peremende. Mtu akilima mwaka mzima kwa pesa kama hiyo, hapo hamrekebishi, mnapata kibarua wa bure. Alipwe ujira wa maana, sehemu iende kwa familia, nyingine awekewe akiba ya kuanzia maisha.

Tatu, eneo kame kama Tseikuru halihitaji shamba la gereza lisilo na maji. Bila kisima au mifereji, wafungwa watakuwa wamehamishwa tu kutoka msongamano hadi njaa.

Nne, yule aliyeibiwa mbuzi wake asikutane na mwizi sokoni bila kuambiwa lolote. Atasema serikali imemchezea, na atakuwa na haki.

Sasa turudi kwa kijana wetu wa makaa. Ukweli ni kwamba hata gereza la wazi halimfai. Tangu 1998 tunayo Sheria ya Huduma kwa Jamii, inayoruhusu mahakama kumpa mtu anayestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu kazi ya umma bila malipo, huku akilala kwake. Achimbe silanga, apande miti badala ya ile aliyokata. Mama yake hatalazimika kutafuta nauli ya kwenda kumwona jela.

Gereza la wazi liwekewe waliofungwa miaka mingi na sasa wanakaribia kutoka. Hao ndio wanaohitaji daraja. Mtu aliyefungiwa miaka kumi huwezi kumfungulia lango asubuhi moja, umpe nauli, kisha ushangae akirudi.