Kiatu na Mguu

Tangu zamani watu wamebishana juu ya chombo na mkono, kutaka kujua ni kipi chenye kustahili sifa kazi inapotoka nzuri. Seremala hodari husifiwa, na pengine randa yake husifiwa pamoja naye. Lakini hapana mtu aliyewahi kuinunua randa ile akafikiri kuwa ameununua na useremala. Katika mambo ya mbio, hata hivyo, fikira ya namna hiyo imeanza kuaminiwa na watu wenye akili zao. Yasemwa barazani, magazetini na hata katika vyumba vya masomo kwamba mkimbiaji wa leo ni kiatu chake; kwamba mazoezi yamepitwa na wakati, na mwenye kutaka kushinda na aanzie dukani. Fikira hii yastahili kukanushwa, si kwa sababu haina chembe ya kweli, bali kwa sababu chembe ya kweli iliyomo imetumiwa kufunika uongo mkubwa.

Haki yadai kwamba hoja ya mpinzani itajwe kwanza, tena kwa nguvu zake zote. Mwaka 2017 kampuni ya Nike ilianza kuuza kiatu kilichoitwa Vaporfly. Soli yake nene ilikuwa ya sponji nyepesi yenye kuurudishia mguu sehemu kubwa ya nguvu ya kishindo chake, na ndani ya sponji hiyo mlikuwa na bamba jembamba la kaboni lililopinda mfano wa kijiko. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, waliwapima wakimbiaji hodari 18, wakaona kuwa mwenye kuvaa kiatu hicho alitumia nguvu pungufu, kwa wastani wa asilimia 4, kuliko alipovaa viatu vilivyokuwa bora hapo kabla. Tarehe 13 Oktoba 2019 Brigid Kosgei wa Kenya alimaliza marathoni ya Chicago kwa saa 2, dakika 14 na sekunde 4, akaivunja rekodi ya Paula Radcliffe wa Uingereza iliyokuwa imesimama tangu mwaka 2003. Siku moja kabla yake, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikuwa ameukimbia mwendo huo wa kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Januari 2020 shirikisho la riadha la dunia liliweka sheria: soli isizidi unene wa milimita 40, wala bamba lisizidi moja. Watu hawatungi sheria ya kukizuia kitu kisichokuwa na nguvu. Basi kiatu kina nguvu, na mwenye kulikana hilo amefumba macho kwa hiari yake.

Lakini kutoka kusema kwamba kiatu kina nguvu mpaka kusema kwamba kiatu kinayapita mazoezi ni safari ndefu, na wengi wanaoidai hawajaitembea. Hoja yao huvunjika mara inapoulizwa swali moja jepesi: kitu walicho nacho wote chawezaje kuwa sababu ya mmoja kuwashinda wengine? Katika Vienna wasaidizi 41 walikusanywa ili wapokezane kumwongoza Kipchoge na kumkinga na upepo, na kwa sababu ya msaada huo muda wake haukuhesabiwa kuwa rekodi. Wasaidizi hao walikuwa wakimbiaji mashuhuri wa mataifa mbalimbali, nao walivaa viatu vya ukoo uleule. Kila kundi lilikimbia kipande chake, likatoka, likapumzika. Mtu mmoja tu ndiye aliyeudumisha mwendo ule tangu mwanzo mpaka mwisho. Kama kiatu ndicho kilichokimbia, viatu vya wengine vilichokea wapi?

Tena Kipchoge hakuzaliwa na kiatu kile. Agosti 2003, katika mashindano ya dunia mjini Paris, kijana huyu wa miaka 18 aliwashinda katika mita 5,000 Hicham El Guerrouj wa Moroko na Kenenisa Bekele wa Ethiopia, watu wawili ambao kushindwa kwao kulikuwa ajabu. Ilibaki miaka 14 kabla Vaporfly haijawekwa dukani. Mwaka 2015, katika marathoni ya Berlin, jambo la kuchekesha na kufundisha lilitokea. Soli za ndani za viatu vyake zilitoka mahali pake, zikachomoza nyuma ya visigino na kupigapiga kila alipoinua mguu. Hakusimama kuzitengeneza. Alimaliza wa kwanza kwa saa 2 na dakika 4 kamili, muda bora kuliko wowote aliokuwa amekwisha kuupata mpaka siku ile. Siku hiyo kiatu hakikuusaidia mguu. Mguu ndio uliositiri aibu ya kiatu.

Mguu wa namna hiyo ulitengenezwa Kaptagat, katika nyanda za juu za Kenya, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, chini ya Patrick Sang, aliyepata nishani ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Huko wakimbiaji walikaa kambini siku za wiki, mbali na wake na watoto wao. Walifagia, waliteka maji na kusafisha vyoo kwa zamu, bingwa na mwanagenzi sawasawa. Jumanne walikwenda kasi uwanjani, Alhamisi walikwenda kilomita 30 au 40 katika njia za vumbi, na jumla ya wiki ilifika kilomita 200 au zaidi. Kipchoge aliandika kila zoezi daftarini, mwaka baada ya mwaka. Habari hizi hazina matangazo makubwa, nayo sababu yake ni nyepesi kufahamika: kiatu kina mwenye kukiuza, lakini hapana mfanyabiashara awezaye kuuza alfajiri.

Wapo pia wanaokosea upande wa pili, wakautukuza mguu mtupu kana kwamba umaskini ni aina ya ufundi. Hupenda kumtaja Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 bila viatu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Husahau kumtaja tena mwaka 1964 mjini Tokyo, aliposhinda akiwa na viatu, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Bikila aliwashinda wenye viatu alipokuwa hana, akawashinda tena alipokuwa navyo. Kilichokuwapo mara zote mbili ni mazoezi. Mtoto akimbiaye juu ya miiba na kokoto anahitaji kiatu, na anayemnyima kwa kisingizio cha Bikila ni mkatili. Hoja ni utaratibu wa mambo: kiatu kiufuate mguu, mguu usikae kukingoja kiatu.

Hata vipimo vya wataalamu vimekataa kumpa kiatu ufalme anaopewa na wauzaji. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 uliwapima wakimbiaji wa Kenya wa daraja la dunia pamoja na wakimbiaji wa Ulaya wa kawaida, wote katika viatu hivi vipya. Miongoni mwa Wakenya, wako waliopata faida kubwa, na wako ambao kiatu kilekile kiliwaongezea kazi. Kwa hiyo wastani uliotangazwa si ahadi kwa kila mtu. Kiatu ni swali linaloulizwa mguu, na kila mguu hujibu kwa kadiri ulivyoumbwa na ulivyozoezwa.

Kama jambo hili lingekuwa la ubishi wa barazani tu, lingeachwa liishe lenyewe. Lakini lina madhara. La kwanza ni kwamba linaiba heshima ya watu. Wakimbiaji wa Afrika ya Mashariki walipoanza kuwashinda walimwengu, ilisemwa kuwa ni hewa ya milimani. Hewa ilipoonekana haitoshi, ikasemwa ni damu. Damu ilipokosa ushahidi wa kutosha, ikasemwa ni njia ndefu ya kwenda shule. Sasa inasemwa ni kiatu. Kila mara sababu hutafutwa popote pale ila katika jasho. Yamkini kila moja ya sababu hizo ina fungu lake. Lakini milima ina watu wengi, na njia za shule zina watoto wengi, na mabingwa ni wachache. Kilichowatenga wachache hao na majirani zao ni kile walichokifanya kila siku wakati wengine wamelala.

Madhara ya pili humwangukia kijana asiye na kitu. Vaporfly ilipotoka iliuzwa dola 250. Mwaka 2023 kampuni ya Adidas ilitoa kiatu cha dola 500, chenye uzito wa gramu 138, na ikaeleza yenyewe kwamba kimekusudiwa mbio moja ya marathoni pamoja na muda mfupi wa kukizoea. Kijana wa Iten au wa Mbulu akiambiwa kwamba ushindi umo ndani ya kiatu hicho, amekwisha kushindwa kabla ya kukimbia hatua moja. Atakaa akingoja mfadhili, na miaka ya nguvu zake itapita. Na aambiwe habari za Kelvin Kiptum, aliyeshindana mwaka 2018 kwa viatu vya kuazima kwa sababu hakuwa na fedha ya kununua vyake. Oktoba 2023, huko Chicago, alikimbia marathoni kwa saa 2 na sekunde 35, muda ambao mtu mwingine hakuwa ameufikia katika mashindano rasmi. Siku hiyo, kweli, alivaa kiatu kipya cha thamani. Lakini kiatu hicho kilimjia baada ya mazoezi makali chini ya Gervais Hakizimana wa Rwanda, mkufunzi wake, ambaye ajali moja ya barabarani iliwachukua wote wawili Februari 2024. Kiptum hakukingoja kiatu. Kiatu kilimkuta njiani.

Madhara ya tatu huwapata wenye madaraka. Ni rahisi kununua vifaa, kuvigawa mbele ya wapiga picha na kuandika taarifa nzuri. Ni vigumu kumlipa mwalimu wa riadha miaka kumi mfululizo, kutunza uwanja na kungoja matunda. Uwanja wa udongo wa Kamariny, karibu na Iten, uliowalea mabingwa kwa miongo mingi, ulifungwa ili ujengwe upya, na ujenzi wake ukasuasua kwa miaka. Mwenye kuamini kwamba kiatu ndicho hushinda hataona hasara kubwa katika jambo hilo. Mwenye kuujua mguu ataona kwamba uwanja mmoja wa vumbi uliofungwa ni hasara kuliko maghala ya viatu.

Na yako madhara ya nne, yaliyo mabaya kuliko hayo. Aliyefundishwa kwamba ushindi hununuliwa hatachagua sana duka la kuununua. Leo ataambiwa umo ndani ya soli. Kesho mwingine atamnong'oneza kwamba umo ndani ya sindano. Kiatu ni halali na dawa ni haramu, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini moyo uliozoea kutafuta njia ya mkato hauulizi sana njia hiyo inapita katika shamba la nani.

Basi sheria na iendelee kuvibana viatu, ili mwenye mali asimpite mwenye uwezo. Asiye na kiatu na apewe kinachofaa, pasipo kuambiwa kuwa amepewa ushindi. Walimu, wazazi na waandishi wa habari na wamsifu mkimbiaji kwa kile alichokifanya kabla hajavaa. Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Hawakusema kwamba jembe halina kazi; wakulima walikuwa wao wenyewe, na jembe butu walilifahamu. Walijua tu kwamba shamba halimwulizi mtu bei ya jembe lake. Humwuliza ameamka saa ngapi.