Mtaka cha Mvunguni Sharti Ainame

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa wito wa kujitahidi. Kwa mnyanyua uzani aliyeumia akakaa kando kwa muda mrefu, hata hivyo, kuinama kuna maana nyingine: ni kukubali kuanza na mzigo ambao hapo awali angeucheka. Maoni yangu ni kwamba kinachowarudisha wengi kitandani si uzito wa chuma, bali ni aibu ya kuonekana na chuma chepesi.

Nasema haya kwa kuwa yalinifika. Niliumia mgongo nikinyanyua kilo 100, nikakaa miezi minane bila kugusa chuma. Siku niliyorejea, wenzangu wa bwenini walinilaki kwa vifijo. Mmoja alinikumbusha kuwa dawa ya moto ni moto. Nikapachika kilo 80, nikidhani nimejihurumia vya kutosha. Nilipounyanyua mzigo huo mara ya tatu, nilianguka. Mtihani wa muhula huo niliuandika nimesimama, karatasi ikiwa juu ya kizingiti cha dirisha, kwani kuketi kulinishinda.

Kosa langu lilikuwa wapi? Nilipima mwili wa siku hiyo kwa mizani ya kumbukumbu. Msuli usiotumika hudhoofu, lakini pia huamka upesi: aliyewahi kuwa na nguvu huzirejesha kwa muda mfupi kuliko aliotumia kuzipata mara ya kwanza. Kano, zile kamba ngumu zinazounganisha msuli na mfupa, haziendi kwa kasi hiyo. Damu haizifikii kwa wingi, na kuimarika kwake huchukua miezi. Kwa hiyo huwadia wakati ambapo msuli unasema "tayari" ilhali kano zingali zinasema "bado". Mimi sikufika hata hapo. Walionizidi subira hukwama papo hapo, wakidhani hatari imekwisha kupita.

Huenda msomaji akanitajia Behdad Salimi wa Iran, bingwa wa Olimpiki ya London ya mwaka 2012 katika kundi la wazito zaidi. Mapema mwaka 2016 aliumia goti vibaya, lakini Agosti mwaka uo huo, mjini Rio de Janeiro, alinyanyua kilo 216 kwa mvuto mmoja hadi juu ya kichwa na kuvunja rekodi ya dunia. Naam, ni kweli, ingawa aliondoka Rio bila medali. Hata hivyo, huyo alikuwa mwanamichezo wa timu ya taifa, na Olimpiki ilikuwa mlangoni. Sisi tunanyanyua saruji iliyomiminwa mikebeni, ambayo hata uzani wake hatuujui kwa hakika. Tunamkimbilia nani?

Njia salama haina miujiza. Kwanza, aliyeumia apimwe na daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo, na aambiwe waziwazi kuwa yu tayari. Pili, aanze na mtaimbo mtupu. Ule wa mashindano ya wanaume una kilo 20, wa wanawake kilo 15. Ajifunze upya kuinama, kukaza tumbo na kuushikilia mzigo karibu na mwili. Tatu, aongeze kidogo kidogo, na apumzike siku moja au mbili kabla ya kukirudia kiungo kile kile. Nne, aisikilize kesho yake. Uchovu wa misuli ni jambo la kawaida. Maumivu makali penye jeraha la zamani ni amri ya kupunguza mzigo. Akihisi ganzi ikishuka mguuni, aache mara moja na kumwona daktari. Tano, aandike daftarini alichonyanyua, kwani daftari haina kiburi.

Fauka ya hayo, sisi tunaotazama tuna wajibu. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunajua kuwa methali ina mahali pake na wakati wake. Kumwambia mgonjwa kuwa dawa ya moto ni moto ni kuigeuza hekima ya wazee kuwa mjeledi. Mbona tusimwambie kuwa bandu bandu huisha gogo?

Mwaka uliofuata nilianza upya, na mtaimbo mtupu, pembeni mwa ukumbi. Wapo waliocheka. Ilinichukua mwaka mzima kuzifikia tena kilo 100, na siku nilipozifikia, waliocheka walikuwapo. Mtihani wa muhula huo niliuandika nimeketi. Kwangu mimi, huo ndio uliokuwa ushindi.