Kupima Kwanza, Kununua Baadaye

Tovuti yenye wageni wengi inapozorota, shauri linalotolewa upesi ni kununua kompyuta zaidi. Shauri hilo hupendwa kwa kuwa ni rahisi kulieleza mbele ya mtunza fedha; lakini mara nyingi fedha hiyo hutupwa baharini.

Yafaa ieleweke kwamba kurasa nyingi za siku hizi hutungwa papo hapo kila ziombwapo. Ombi hupokewa, programu huamshwa, nayo huiuliza hifadhidata na kungoja jibu. Ndipo ukurasa upangwe na kupelekwa. Iwapo ukurasa huchukua sekunde 10, na sekunde 8 kati ya hizo ni za kuingojea hifadhidata, basi programu ikiharakishwa mara mbili msomaji atapata nafuu ya sekunde 1 tu. Gene Amdahl alikwisha eleza hesabu ya namna hii mwaka 1967. Na pengine hifadhidata yenyewe imekosa faharasa, ikawa kama karani atafutaye jina moja katika daftari la majina 100,000 yasiyofuata alfabeti. Kumwongezea karani huyo maswali kwa kununua mitambo ya mbele ni sawa na kuongeza mabasi yaendayo kivukoni hali pantoni ni moja.

Marekani ilijifunza kwa gharama kubwa. Tarehe 1 Oktoba 2013 ilifunguliwa HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya kununulia bima ya afya. Siku ile ya kwanza watu 6 tu ndio waliofaulu kujiandikisha. Kila mgeni, hata aliyetaka kulinganisha bei tu, alitakiwa kwanza kufungua akaunti, na sehemu ya kufungulia akaunti ikalemewa. Lililo zito zaidi ni kwamba wataalamu walioitwa kuinusuru hawakukuta chombo cha kuwaonyesha kwa haraka ni wapi palipobana. Walianza kwa kuweka vipimo. Mitambo nayo iliongezwa, ni kweli, lakini sambamba na kusahihisha kasoro zilizokwisha kuonekana. Na kabla Novemba haijaisha, wastani wa kungojea jibu ulikuwa umeshuka kutoka sekunde 8 hadi chini ya 1.

Hata hivyo wastani nao ni shahidi wa kutiliwa shaka. Katika maombi 100, yakiwapo 99 yaliyojibiwa kwa sekunde 0.1 na moja lililochukua sekunde 30, wastani ni takriban sekunde 0.4. Nambari hiyo humfurahisha msimamizi, na huku yupo mtu aliyekaa nusu dakika mbele ya kioo kitupu. Mtu huyo ndiye afaaye kuchunguzwa: aliomba ukurasa gani, saa ngapi, na ni swali lipi lililoulizwa hifadhidata kwa niaba yake.