Ng'ombe wa Mpwapwa Anafia Mlangoni kwa Serikali

Makamanda, leo naomba tuongelee ng'ombe. Usicheke, soma hadi mwisho.

Kila mwaka bajeti ya mifugo ikisomwa pale Bungeni Dodoma, wimbo ni uleule: Tanzania tuna ng'ombe zaidi ya milioni 30, tuko juu Afrika. Makofi. Halafu anasimama mkubwa mwingine kutuambia ng'ombe haohao hawana tija, wafugaji wapunguze mifugo, tulete mbegu za kisasa kutoka nje. Makofi tena. Swali dogo haliulizwi: ng'ombe wa Mpwapwa wamebaki wangapi?

Kwa mliokulia mjini, sikieni. Kituo cha utafiti wa mifugo cha Mpwapwa, ambacho leo kiko chini ya TALIRI, ni kama kilomita 120 tu kutoka Dodoma mjini. Pale, tangu enzi za Mwingereza, watafiti walikaa miaka na miaka wakichanganya damu: Sahiwal na Red Sindhi wenye asili ya Bara Hindi, zebu wetu wa hapa, Boran, na Ayrshire kidogo. Mwaka 1958 aina mpya ikatambuliwa, ikaitwa Mpwapwa. Lengo lilikuwa kupata ng'ombe mmoja wa maziwa na nyama, anayeweza kuishi kwenye ukame wetu huu bila kubembelezwa.

Yaani kile ambacho viongozi wanakwenda kukitafuta kwa ndege, kilishatengenezwa hapahapa mkoani.

Leo watafiti wenyewe wameandika kwa miaka mingi kwamba aina hii iko hatarini kutoweka. Wala si uchawi. Kundi ni dogo. Madume wanaofika vijijini ni wachache, na wakifika wanapanda ng'ombe wa kila aina bila kumbukumbu, damu inayeyuka. Fedha za utafiti nazo zinadondoka kama mvua ya Ugogo, leo tone, kesho jua.

Nayajua haya kwa machungu ya nyumbani. Mzee wangu aliuza madume matatu ya kienyeji akachukua mtamba chotara kupitia mradi mmoja uliokuja kijijini kwa mbwembwe na fulana. Mwaka wa kwanza maziwa tuliyaona. Wa pili mvua ikagoma. Mtamba akataka mashudu, akataka pumba, akataka maji ndoo kwa ndoo, na kisima kiko mbali. Akafa na ndama tumboni. Watu wa mradi walishaondoka. Jirani yetu ana ng'ombe mwenye damu ya Mpwapwa, wa ukoo wa dume aliyepita kijijini zamani. Huyo alikonda mpaka mbavu ukazihesabu, lakini mvua iliporudi, na yeye akarudi. Ada ya mwanangu ililipwa na jirani huyo. Tija ndiyo hiyo, waheshimiwa.

Sasa kuna vijana wenzetu wananiambia: tulia, siku hizi kuna kloni. Mnyama akipungua, ananakiliwa. Mimi sipingi sayansi. Kondoo Dolly alizaliwa Scotland mwaka 1996 kutokana na seli ya kiwele cha kondoo mwingine. Hapo Nairobi tu, watafiti wa ILRI wakishirikiana na Taasisi ya Roslin walimpata dume wa Boran kwa njia hiyo, wakamwita Tumaini, kama hatua ya kuelekea kwenye ng'ombe atakayestahimili nagana inayoletwa na mbung'o.

Lakini tazama walichokuwa nacho mkononi: seli hai ya Boran. Kloni haitoki hewani. Unahitaji seli iliyotunzwa vizuri, mayai, jike wa kubeba mimba, na uvumilivu, maana Dolly alikuwa mmoja aliyefanikiwa kati ya mayai 277. Usipohifadhi kitu leo, kesho huna cha kunakili. Hata mbegu ya dume iliyogandishwa kwenye naitrojeni ni nusu tu ya ng'ombe. Majike wakiisha, utabaki kupandisha ng'ombe wengine kizazi baada ya kizazi ukijaribu kuirudia damu uliyoipoteza kwa uzembe.

Watasema mfugaji mwenyewe hamtaki, anapenda chotara wa maziwa mengi. Mfugaji atachaguaje kitu ambacho hajawahi kupelekewa? Na watasema wakoloni walituachia mzigo. Hapana. Tangu 1961 nchi hii imeongozwa na TANU, kisha CCM. Hakuna wa kumsingizia. Wizara ya Mifugo sasa imehamia Mtumba. Ukitoka asubuhi kwa gari, mchana uko Mpwapwa. Umbali si kisingizio tena.

Tunadai mambo manne. Moja, idadi kamili ya ng'ombe wa Mpwapwa itangazwe, majike na madume, kila mwaka. Mbili, mbegu, viinitete na seli zao zigandishwe na kutunzwa sehemu mbili tofauti, ili moja ikiungua nyingine ibaki. Tatu, madume yatoke kituoni yaende kwa wafugaji, kukiwa na daftari la kumbukumbu na bei nzuri kwa anayetunza damu safi. Nne, fedha zinazopitishwa Bungeni zifike kituoni zote, maana ng'ombe hali makaratasi.

Na msidhani ni Mpwapwa peke yake. Kuna wekundu wa Iringa, weupe wa Singida, mbuzi weupe wa Ugogo. Foleni ni ndefu.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kamanda, mbunge wako akija kuomba kura, mwache amalize hotuba, halafu muulize: ng'ombe wa Mpwapwa wamebaki wangapi? Asipojua, umeshapata jibu lako la sanduku la kura.