Usilaumu baridi ya Ndabibi, uliza hita ya hiyo gari

Wasee, wacha niseme hii kitu bila kuzunguka: baridi ya huku kwetu haiui betri ya gari. Kila Julai nasikia stori ileile, ati haibridi za kuchaji haziwezi Naivasha, ati hizo ni za watu wa Mombasa. Mimi naona tunasingizia hali ya hewa kwa jambo ambalo mnunuzi hakuambiwa siku ya kulipa.

Kwanza tuelewane ni gari gani. Haibridi ya kawaida inajichaji yenyewe ukiendesha na ukipiga breki. Haibridi ya kuchaji, ile imeandikwa PHEV au PHV, ina betri kubwa zaidi. Unaichomeka kwa soketi usiku, asubuhi unaenda kilomita kadhaa kwa stima pekee, na ikiisha petroli inashika usukani. Hizo kilomita za stima ndizo zinafanya bei yake ipande. Zikipotea, ni pesa yako imepotea.

Anko wangu anayo moja. Aliyemuuzia alimwambia kilomita 60 kwa chaji moja, na anko akapiga hesabu yake: Kongoni, Kamere, Karagita mpaka Naivasha mjini bila tone la petroli. Julai ikafika. Asubuhi moja betri ikiwa imejaa kabisa, injini ikanguruma hata kabla atoke geti. Hiyo gari iko na mkopo wa sacco juu yake, so hakucheka. Aliamini ameuziwa mzigo.

Gari ilikuwa sawa. Alikuwa amewasha hita tu.

Hapa ndipo watu wengi hawajui. Gari ya petroli inapata joto la bure, kwa sababu injini ikichoma mafuta inatoa moto mwingi usio na kazi, na hita inachukua huo huo. Ukienda kwa stima, injini imelala na hakuna moto wa kuchukua. Kwa hivyo gari lazima ifanye moja kati ya mambo mawili: itumie stima ya betri kutengeneza joto, au iamshe injini ndiyo ipate maji moto. Haibridi nyingi za kuchaji, hasa za zamani na zile za bei ya chini, hazina hita ya stima. Ukibonyeza joto, injini inawaka. Zingine zinawasha injini hata ukiomba tu ukungu utolewe kwa kioo cha mbele. Na wewe unajua asubuhi za huku: watu 5 ndani, nguo zina umande, vioo vyote vimefunikwa kabla ufike lami.

Sasa baridi yenyewe inafanya nini kwa betri? Betri ya lithiamu inafanya kazi kwa kemikali, na kemikali zikipoa zinakuwa wavivu. Stima inatoka kwa shida kidogo, na hata ukipiga breki betri inapokea chaji polepole. Hiyo ni kweli. Lakini angalia ukubwa wake. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari 5 ya stima pekee kwenye baridi ya karibu digrii 7 chini ya sifuri. Hita ikiwa imezimwa, umbali ulipungua kwa wastani wa asilimia 12. Hita ikiwashwa, ulipungua kwa asilimia 41. Soma hizo namba tena. Mwizi mkubwa alikuwa hita.

Na hapo tunaongea chini ya sifuri. Usiku wa Julai hapa unashuka chini ya digrii 10, unavaa marvin na masoksi mawili, lakini maji kwa mtungi hayagandi. Kwa hivyo ukiona video ya msee wa Norway amekwama kwenye theluji, usiibebe vile ilivyo uilete Ndabibi. Tena betri ya lithiamu inazeeka haraka ikikaa kwenye joto jingi. Hii hewa yetu ya baridi unayoilaani asubuhi, kwa miaka mingi inaitunza betri kuliko jua la Pwani.

Basi kilomita 60 zilienda wapi? Zingine hazikuwahi kuwa huku. Chukua Outlander PHEV ya kizazi cha kwanza, betri ya uniti 12, uniti zilezile unanunua kwa tokeni. Japani iliandikiwa zaidi ya kilomita 60 kwa kipimo chao cha wakati huo. Ilipoingia Marekani na betri ya ukubwa uleule, kipimo cha serikali yao kiliipa maili 22, yaani kama kilomita 35. Betri ni ileile. Kilichobadilika ni mtihani, na mtihani wa Japani ulikuwa mwepesi. Muuzaji wa hapa anachagua namba gani? Unajua jibu.

Ongeza umri. Sheria inaruhusu gari ya hadi miaka 8, so hiyo betri inafika ikiwa tayari imepungua. Ongeza mlima. Gari ya karibu tani 2 inakula kama nusu uniti kwa kila mita 100 inazopanda juu, kando na stima ya kusonga mbele. Panda kutoka huku uelekee Eburru uone mshale ukianguka. Halafu weka hita ya stima inayovuta kilowati 3: nusu saa imekula uniti moja na nusu, na kwa hiyo Outlander hizo ni kama kilomita 4 au 5. Ukijumlisha vyote, baridi yenyewe ndiyo imechukua kipande kidogo zaidi, lakini ndiyo inatukanwa.

Kuna watakaosema, basi injini iwake tu, shida iko wapi? Iko kwa safari fupi. Injini baridi inachoma petroli zaidi kwa zile dakika za kwanza. Ukipeleka mtoto shule iko karibu na kurudi, injini haijapata joto vizuri na umeshazima. Ukirudia hivyo kila asubuhi, umebeba betri nzito ya bei ghali na bado unapiga foleni petroli.

Kinachoniuma ni kwamba hapa ndipo stima inapotoka. Olkaria inatoa stima ya mvuke tangu 1981, na mabomba yake tunayaona tukipita Hell's Gate. Mwaka 2023 EPRA ikaweka bei maalum ya kuchaji magari, shilingi 16 kwa uniti na 8 ile saa mahitaji yako chini, kabla ya kodi na makato. Hakuna mahali Kenya panafaa kujaribu hizi gari kuliko huku. Halafu tunazikimbia kwa sababu ya kibonyezo cha hita? Zii.

Msimamo wangu ni huu. Muuzaji wa haibridi ya kuchaji anafaa aandike kwa karatasi vitu vitatu: afya ya betri leo, aina ya hita, na kilomita za stima zilizopimwa kwa barabara za Kenya. Kama hawezi, aache kutaja kilomita kabisa. Na sisi wanunuzi tuache kuuliza rangi na redio kwanza. Uliza kama ina hita ya stima au pampu ya joto, ile inayokusanya joto la hewa ya nje na kutumia stima kidogo. Prius PHV iliyoingia soko la Japani 2017 inayo, kwa hivyo si kitu cha ndoto. Omba kuijaribu asubuhi mapema ikiwa imelala nje, uwashe joto mbele ya muuzaji, usikilize kama injini itaamka.

Kama tayari unayo na haina hita ya stima, bado hujaibiwa kila kitu. Vaa jaketi. Tumia joto la kiti kama lipo, maana linakula stima kidogo sana kuliko kupasha gari nzima. Panguza vioo kwa kitambaa kabla ya kutoka na ufungue dirisha kidogo. Kama gari yako ina hita ya stima na taima, ipashe ikiwa bado imechomekwa, ili joto litoke kwa ukuta, betri ibaki imejaa.

Msee akikuambia baridi ya Naivasha imemshinda, muulize swali moja: ulilipa ukijua hita yako inakula nini? Akinyamaza, mtumie hii.