Ubomoaji Eastlands watishia kumbukumbu za elimu ya kikoloni

MPANGO wa Kaunti ya Nairobi wa kubomoa na kujenga upya mitaa ya zamani ya Eastlands, ikiwemo Bahati, Maringo na Jericho, umejadiliwa zaidi kwa hesabu ya vyumba na kodi. Kuna hasara nyingine isiyopimwa na wahandisi.

Wakongwe wa mitaa hiyo, hasa akina nyanya, ni mashahidi wa shule za mkoloni: waliozisomea na walionyimwa nafasi. Wakitawanyika, atakayetaka kuwahoji atawapata wapi?

Alliance ya wavulana ilifunguliwa mwaka wa 1926. Wasichana Waafrika walisubiri hadi 1948 kupata shule yao ya upili huko Kikuyu. Eastlands nayo ilipangiwa kwanza vibarua wanaume, wake zao wakitarajiwa kubaki mashambani, ingawa Pumwani kulikuwa na wanawake waliomiliki nyumba zao wenyewe.

Je, ni nani huhesabiwa kuwa na maarifa? Hilo ni swali la kifalsafa. Marehemu Prof Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwatetea wazee wasiopita chuoni kuwa wanafalsafa, katika kitabu chake cha 1990. Hata hivyo, aliowahoji walikuwa wanaume karibu wote.

Pengo hilo wameanza kuliziba wasomi wanawake walioamua kushirikiana. Amandina Lihamba na Saïda Yahya-Othman wa Dar es Salaam, Naomi Shitemi wa Chuo Kikuu cha Moi na Fulata Moyo wa Malawi walihariri juzuu ya Afrika Mashariki ya Women Writing Africa, iliyotoka mwaka wa 2007. Mugyabuso Mulokozi ndiye aliyekuwa mwanamume pekee kati ya wahariri hao watano.

Kazi hiyo ya nchi tano na lugha nyingi, inayorudi nyuma hadi barua ya malkia wa Kilwa ya 1711, isingewezwa na msomi aliyejifungia ofisini. Tabitha Kanogo alikuwa ametangulia mwaka wa 2005 na utafiti wake kuhusu wanawake wa Kenya kati ya 1900 na 1950, wakiwemo wasichana waliokimbilia misheni.

Faili za mkoloni zimehifadhiwa salama katika Kumbukumbu za Kitaifa, Moi Avenue, na zitasubiri. Msichana aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka wa 1948 sasa anakaribia 90.